Kesi ya Hester Sebuleni kwa Kostansia

“Amesema nini? Kamishna amesema nini?”

Rakeli alikuwa amesimama katikati ya sebule na sahani ya sombe, kisamvu cha kwao, mkononi, amesahau kuila. Waliokaa kwenye kochi walimvuta sketi akae chini, maana alikuwa anawaziba. Kostansia hakuwajali. Aliinua karatasi kuelekea dirishani, ambako jua la Septemba lilikuwa bado na nguvu, akaanza kuzitaja herufi moja moja kwa sauti. Binti yake Gloire, aliyekaa sakafuni miguuni pake, alizikusanya zile herufi zikawa neno, maneno yakawa sentensi, na sentensi akaigeuza Kiswahili.

“Bado hajaamua,” Gloire alisema. “Atatoa uamuzi Jumatano.”

“Jumatano!” Sebule nzima iliguna, utadhani Jumatano hiyo haikuwa ya mwaka 1854.

“Njo vile banafanyaka,” alisema Azarias, mume wa Rakeli. Alikuwa amengoja faili lake la ukimbizi miaka mingi kambini Nyarugusu, na suala la maofisa na kesho zao alilijua vizuri. “Bananambia kesho, bananambia Jumatano. Donc, huyu mama anabakia mu jela na mutoto?”

“Anabaki jela na mtoto,” Kostansia alijibu, akaikunja barua taratibu kwenye mikunjo yake ya zamani. “Wakili amewapelekea blanketi.”

“Mungu amubariki,” alisema Rakeli, ndipo akakumbuka chakula chake.

Hivyo ndivyo zilivyokuwa jioni katika nyumba ya Mushagalusa na Kostansia, ghorofa ya pili, mtaa wa Highview, Louisville. Mushagalusa alikuwa akifanya kazi kwenye kampuni ya kuhamisha vyombo. Mwezi uliotangulia, yeye na Azarias walitumwa kusafisha nyumba ya bibi mmoja aliyefariki. Mpwa wa marehemu, Bwana Pruitt, alisimama barazani na simu sikioni, akawapungia mkono kuelekea darini: chukueni, tupeni, sitaki kuona kitu. Mushagalusa aliona sanduku kubwa la ngozi, kuukuu lakini zima, akalifikiria blanketi za nyumbani zilizokosa pa kukaa. Akalipandisha ghorofani kwake kwa mgongo. Kostansia alipolifungua alifute, alikuta barua ndani, chini kabisa, mafungu kwa mafungu, yamefungwa utepe.

Gloire, ambaye alikuwa mwaka wa pili chuoni na Kiingereza chake kilikuwa cha Wamarekani wenyewe, alizitazama akazirudisha. Mwandiko ule ulikuwa kwake kama nyuzi zilizofumuka. Lakini mama yake alifundishwa na masista kule Burundi kuandika herufi zilizoshikana mikono, na ingawa Kiingereza chake kilikuwa cha kazini na dukani tu, herufi aliziona zote. Mmoja alikuwa na macho, mwingine alikuwa na lugha. Walianza kwa mchezo, Jumapili moja baada ya ibada. Mwisho wa juma la pili, majirani walikuwa wanakuja na viti vyao.

Barua zilikuwa za wakili mmoja wa Columbus, Lemuel Harcourt, akimwandikia kaka yake Edmund huku Louisville. Aliandika kila kitu. Jino lake lililomuuma. Bei ya majani ya farasi. Mke wake Lucinda, aliyechukia moshi wa kiko na aliyemnyima maneno siku nzima akivuta sebuleni. Siasa ndiyo iliyomjaa kichwani: nani amehama chama, nani ananunua magazeti, vigogo gani wamemwahidi kwamba safari hii jina lake ndilo litakalopelekwa kwenye uchaguzi wa Bunge huko Washington.

Kisha, katikati ya vumbi hilo la kura na maumivu ya jino, akatokea Hester. Alikuwa mama kijana aliyekuwa mtumwa wa tajiri mmoja wa Louisville. Alivuka mto Ohio na mtoto mchanga, akatembea hadi Columbus, akapata kazi ya kufua nguo. Ng’ambo hiyo ya mto hapakuwa na utumwa, lakini sheria ya nchi ilimruhusu tajiri kumfuata mtu wake popote na kumrudisha. Wakamkamata kwenye beseni la kufulia, mikono ina povu. Lemuel Harcourt akasimama kumtetea mbele ya kamishna aliyeamua kesi kama hizo. Kaka yake Edmund alikuwa rafiki wa yule tajiri.

Tangu siku hiyo, hakuna aliyeuliza tena kuhusu jino la wakili.

*

Gloire ndiye aliyeleta balaa, na aliileta kwa nia njema. Aliandika barua pepe kwa maktaba moja ya Columbus kuuliza kama kuna mtu anamfahamu wakili Harcourt. Mwanamke wa maktaba alifurahi kupita kiasi. Akatafuta ukoo wa Harcourt uliobaki Louisville, akampata Bwana Pruitt, akampigia simu kumpongeza kwa hazina yake.

Ijumaa asubuhi Mushagalusa aliitwa na supavaiza mbele ya malori, wenzake wote wakiwa wamesimama na glavu zao mikononi. Bwana Pruitt alikuwepo, koti lake safi, funguo za gari zikizunguka kidoleni.

“Sanduku la shangazi yangu liko wapi?” aliuliza. Aliongea polepole na kwa sauti kubwa, kama watu wanavyomsemesha kiziwi.

“Nyumbani kwangu,” Mushagalusa alijibu. “Wewe ulisema tuchukue.”

“Nilisema mtupe takataka. Sikusema mchukue mali ya familia.”

“Ulisema tuchukue.”

“Nani alisikia?”

Mushagalusa alimgeukia Azarias. Azarias alikuwa ameinama kwenye kamba ya lori, anaifunga fundo, anaifungua, anaifunga tena. Jana yake tu alikaa kwenye kochi la Mushagalusa, akala ugali wake, akamlilia Hester.

“Mimi nilikuwa ndani ya gari,” Azarias alisema kwa Kiingereza chake chembamba, bila kuinua uso. “Sikusikia kitu.”

Supavaiza alikuna shingo. Hakuwa mtu mbaya, lakini hakupenda siku ianze namna hii. Akasema sanduku lirudi ofisini Jumatatu asubuhi na kila kilichokuwamo. Lisiporudi, kazi hakuna, na polisi wataitwa. Kabla ya kumwachia, Bwana Pruitt alionyesha mfuko wa chakula wa Mushagalusa kwa kidole. Mushagalusa akaufungua mbele ya wote. Mlikuwa na wali wa jana na chupa ya maji. Mtu mmoja nyuma alicheka, halafu akanyamaza alipoona hakuna anayemsaidia.

*

“Mwizi!” Mushagalusa alikuwa anazunguka sebule ndogo, hana pa kugeukia. “Mimi, Mushagalusa! Wameniita mwizi mbele ya watoto niliowafundisha kazi! Bon, nachoma yote. Nachoma na sanduku lake.”

“Hutachoma kitu,” Kostansia alisema.

“Tena Azarias! Azarias, mutu wa kanisa!”

“Baba Gloire, kaa chini.”

Alikaa. Gloire alikuwa pembeni analia kimyakimya, anarudia kwa Kiingereza kwamba ni kosa lake, ni yeye aliyeandika ile barua pepe. Kostansia alimpa kitambaa, kisha akasimama mbele ya sanduku kama mtu anayepima mlango.

“Vitu vya watu tutavirudisha,” alisema. “Sitaki polisi kwenye ngazi zangu. Lakini wamesema Jumatatu, na leo ni Ijumaa. Mimi siwezi kumrudishia mtu barua kabla sijajua Hester amefanywa nini. Kesho tunasoma mpaka mwisho.”

Mushagalusa alimtazama mke wake. Hasira ilikuwa bado imemjaa kifuani, lakini chini yake palikuwa na kitu kingine kinachochemka, na alishindwa kukificha.

“Hata mimi nataka kujua,” alikiri.

*

Jumamosi walianza baada ya chai. Gloire alipiga picha kila karatasi kwa simu, halafu akaipitisha kwa mama yake. Habari ilikwisha kusambaa na watu walijaa mpaka kwenye ngazi. Rakeli alikuja peke yake, macho mekundu, akakaa karibu na mlango kama mgeni. Hakuna aliyemwuliza mumewe yuko wapi.

Barua ya kwanza: vigogo wa chama wamemtembelea wakili nyumbani. Wamekunywa kahawa yake, wamemwambia aiachie kesi ya yule mwanamke kama anaitaka Washington.

“Ataacha,” mzee mmoja alisema. “Mutu wa politique? Ataacha.”

Barua ya pili: hakuacha. Edmund alikuwa amemwandikia kumtukana, naye akamjibu kwamba wamenyonya ziwa moja lakini hawakunywa maziwa yale yale. Sebule ilipiga makofi. Kostansia alilazimika kugonga meza ili aendelee.

Barua ya tatu: Jumatano imefika. Kamishna ameamua. Hester na mtoto warudishwe Louisville.

Mama mmoja alianza kuomba kwa Kibembe. Mushagalusa, aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti cha mke wake, alikishika kwa mikono miwili.

“Hapa Louisville?” Rakeli aliuliza kwa sauti ndogo. “Hapa tuko?”

“Hapa hapa,” alisema Gloire. “Soma, mama. Kuna nyingine moja. Ni ya mwisho.”

Barua ya mwisho ilikuwa fupi, na mwandiko wake ulikuwa wa haraka. Kostansia alizitaja herufi kwa shida, Gloire akawa anarukia maneno kabla hayajaisha.

“‘Kaka yangu Edmund. Unaniuliza mwanamke yuko wapi. Wenye dhamana naye wananiuliza hilo hilo, na nimewajibu kwamba mimi ni wakili, si mchungaji wa mbuzi. Alitoka jela na mtoto wake kwenda kuagana na watu kanisani, kwa ruhusa na kwa mlango wa mbele, na kwa mlango wa nyuma sijui.’”

“Eeh!” walisema watu.

“Subirini! ‘Nina habari za nyumbani tu. Nguo za msiba za marehemu mama yetu, zile nyeusi, na utaji wake na glavu zake, hazipo kabatini. Na mke wangu Lucinda ameondoka kwa treni ya asubuhi kwenda kumtembelea dada yetu Abigail, Buffalo. Hakuniaga. Nasikia kwamba kando yake alikaa mjane mmoja aliyefunikwa uso, amepakata mtoto, na kwamba kondakta aliwavulia kofia.’”

Kisha Rakeli akaruka juu.

“Amemuvalisha!” alipiga kelele. “Bibi wa wakili amemuvalisha Hester nguo za msiba! Mujane ni yeye! Mujane ni Hester!”

Nyumba ililipuka. Watu walikumbatiana, mtu akapiga vigelegele, jirani Mmarekani wa chini akagonga dari lake kwa ufagio. Lucinda! Lucinda wa kununia kiko! Mzee aliyesema wakili ataacha alikuwa anacheza na kofia yake mwenyewe, anamvulia kila mwanamke aliyempita.

“Halafu?” Mushagalusa aliuliza. “Alifika?”

Gloire aliigeuza karatasi. Nyuma palikuwa peupe. Kostansia akaingiza mkono sandukuni, akapapasa kila kona, akautoa mtupu.

“Basi,” alisema. “Edmund hakuandikiwa tena.”

Furaha yote ikakaa chini kwa pamoja.

*

Jumatatu Kostansia aliomba ruhusa kazini akaenda na mumewe, na Gloire akaja kutafsiri. Waliliweka sanduku mbele ya meza ya supavaiza. Bwana Pruitt alilifungua, akahesabu mafungu kwa macho, akalifunga.

“Vizuri. Yamekwisha,” alisema.

“Bado,” alisema Kostansia kwa Kiswahili. “Gloire, mwambie: mume wangu umemwita mwizi mbele ya watu. Watu wale wale wako pale nje. Aende aseme mbele yao kwamba mume wangu si mwizi.”

Gloire alisita, akatafsiri. Bwana Pruitt alitabasamu upande mmoja, akasema maneno machache.

“Anasema kulikuwa na kutoelewana.”

“Hayo siyo niliyoomba. Mwambie aseme tena.”

“Mama...”

“Mwambie.”

Supavaiza alikohoa. Mushagalusa alikuwa anatazama sakafu, jasho likimtoka. Alitamani ardhi immeze, na papo hapo hakuwahi kumpenda mke wake kama wakati ule. Ndipo mlango ukafunguka. Azarias aliingia na glavu zake, na nyuma yake, mkono ukiwa umemshika kiwiko kama polisi, Rakeli.

“Mimi nilisikia,” Azarias alisema. Sauti ilikwama, akaisukuma. “Sikuwa ndani ya gari. Nilikuwa barazani, nimeshika ngazi. Huyu bwana alisema chukueni yote, hataki kuona kitu. Nilidanganya Ijumaa. Niliogopa kazi yangu. Kama mnanifukuza, nifukuzeni, lakini mke wangu amekataa kunipikia.”

Gloire hakuitafsiri ile sentensi ya mwisho, kwa kuwa Azarias alikuwa ameisema yote kwa Kiingereza, na supavaiza alikuwa ameisikia. Supavaiza akamtazama Bwana Pruitt. Bwana Pruitt alikuwa amekuwa mwekundu hadi masikioni. Supavaiza akainuka, akatoka hadi kwenye malori, akapiga makofi mawili.

“Sikilizeni! Mushagalusa hakuiba chochote. Mlisikia Ijumaa, sasa sikieni leo. Kazini!”

Hakuna aliyeshangilia. Watu walivaa glavu zao. Lakini yule aliyecheka siku ile alipita karibu na Mushagalusa, akamwachia nafasi ya mbele kwenye lori.

Sanduku liliondoka ndani ya gari la Bwana Pruitt. Azarias na Mushagalusa walifanya kazi siku nzima bila kusemeshana. Jioni, wakibeba friji ngazini, Azarias chini na Mushagalusa juu, Mushagalusa alisema, “Polepole, ndugu,” na Azarias akajibu, “Niko nayo.” Wakaishia hapo.

*

Yule mwanamke wa maktaba ya Columbus, aliposikia kilichotokea, alimwandikia Gloire kuomba radhi kwa kurasa nzima. Mwishoni aliongeza habari moja: barua za Abigail, dada wa wakili, zilihifadhiwa kwenye maktaba moja ya Buffalo, na mtu yeyote anaweza kuomba kuzisoma.

“Mtu yeyote?” Kostansia aliuliza.

“Yeyote.”

“Hata sisi?”

Walisafiri Oktoba. Gari lao lisingefika Buffalo, kwa hiyo walilipeleka hadi Columbus tu, kwa Jean Bosco, kaka yake Kostansia, aliyekaa Linden na aliyekuwa na gari la viti saba. Jean Bosco alikuwa ameomba siku mbili kwenye ghala alikofanya kazi, kule Hilliard. Alikuwa amesimuliwa kesi yote kwa simu.

“Dada, shemeji, pandeni,” aliwaambia hata kabla hawajanywa maji. “Nimepita mjini jana, nikauliza jela ya zamani ilikuwa wapi. Hakuna anayejua! Watu wanapaki magari tu!”

Buffalo iliwapokea na upepo wa kukata masikio. Kwenye chumba cha kusomea walitakiwa kuacha makoti na mikoba, kuosha mikono, na kunyamaza. Mlinzi aliwatazama wote wanne, akauliza nani mtafiti. Gloire alifungua mdomo, akaufunga, akamwonyesha mama yake.

“Sisi wawili,” alisema.

Waliletewa boksi la kijivu. Kostansia aliutambua mkono wa ukoo ule mara moja, ingawa Abigail aliandika kwa herufi nono, za mtu asiye na haraka. Alizinong’ona, na Gloire alinong’ona baada yake, vichwa vyao vimegusana. Mushagalusa na Jean Bosco walikaa meza ya pili, wakiwatazama midomo. Waliona Gloire anaziba mdomo kwa kiganja. Waliona mabega ya Kostansia yakitetemeka. Hawakujua ni kicheko au ni kilio, na hawakuruhusiwa kuuliza. Mushagalusa aliuma kidole gumba.

Walipotoka, Kostansia alishuka ngazi akiwatangulia wote. “Twendeni mtoni kwanza,” alisema. “Pale ndipo nitakapoweza kupiga kelele.”

Jean Bosco aliendesha hadi ukingoni. Mto Niagara ulikuwa unakwenda mbio, kijani na mweupe, na ng’ambo zilionekana nyumba, magari, mtu anayetembea na mbwa.

“Ile ni Canada?” Mushagalusa aliuliza. “Pale tu?”

“Pale tu. Piga simu, Gloire. Piga kwa Rakeli.”

Huko Highview walikuwa wamekusanyika tangu asubuhi sebuleni kwa Kostansia, kwa ufunguo alioachiwa Rakeli. Simu iliita mara moja tu ikapokelewa, na sauti ishirini zikaingia kwa pamoja.

“Nyamazeni!” Rakeli alisikika akiwafokea. “Mama Gloire, sema! Alifika?”

“Alifika!” Kostansia alipaza sauti juu ya upepo. “Alifika na Lucinda! Walikaa kwa Abigail wiki moja, kwa sababu mtoto alikuwa na homa. Abigail anaandika kwamba mtoto alilia sana na hakumwacha alale. Halafu homa ikashuka. Wakampandisha kwenye mtumbwi wa mvuvi. Asubuhi, mchana kweupe, watu wakiona! Lucinda aliingia majini mpaka magotini akimpa mtoto. Rakeli, unasikia? Amevuka! Wote wawili wamevuka!”

Kelele zilizotoka kwenye simu ziliwafanya vijana waliokuwa wakivua samaki karibu wageuke. Jean Bosco alikuwa anaruka papo kwa papo. Mushagalusa alimbeba mke wake juu kama mwali, viatu vyake vikaning’inia, naye akampiga begani amshushe, huku machozi yakimtiririka na meno yote nje.

“Na jina!” Gloire alidakia kwenye simu. “Alipofika ng’ambo alituma salamu. Alisema asiitwe Hester tena, hilo alipewa na tajiri. Alijichagulia jina. Anaitwa Lucinda!”

Kostansia, ambaye jina lake lilikuwa limeandikwa vibaya kwenye karatasi zote tangu kambini, alijifuta uso kwa mkono wa koti.

Kisha ikasikika sauti ya Azarias. Alikuwa amerudi kukaa kwenye kochi. Hilo walilijua kwa ukaribu wa sauti yake.

“Na wakili? Alipata kiti? Alienda Washington?”

“Hapana,” Gloire alimjibu. “Chama kilimkata jina. Akasimama peke yake, akashindwa vibaya sana. Abigail anasema hata majirani zake hawakumpigia kura.”

Kule Louisville watu waligombana kwa uchungu. Mtu alilaani majirani wa Columbus wote. Mwingine alitaka kujua ni nani aliyehesabu kura. Azarias alikuwa ameapa uraia mwezi wa Juni, na kura yake ya kwanza ilikuwa inakuja Novemba. Aliwangoja wapungue.

“Mimi,” alisema, “ningemupa yangu.”

“Na mimi!” alisema Rakeli.

“Na mimi!” walisema wengine, mmoja baada ya mwingine, na Mushagalusa, amesimama katika upepo wa Buffalo, akainua mkono juu kana kwamba wanamwona.